Nusu Yako ya Dawa, Guka

Guka, babu yangu,

Nakusalimu kutoka Thika. Kuna baridi, na mkeo, Cucu, amekataa hata chai. Leo hospitalini, daktari anayefanya utafiti wa ile dawa mpya ya moyo alimuuliza anamezaje vidonge vyake. Akajibu kwa furaha, "Nusu yangu, nusu ya mzee wangu. Kwani wake ni moyo wa mbuzi?"

Wauguzi walicheka. Daktari alisema amemharibia matokeo, akamtoa kwenye utafiti na kuchukua dawa zilizobaki. Cucu akamwambia, "Asante, daktari."

Sasa ananiagiza nikuandikie kwamba amepona, ndiyo maana hapewi tena. Hajapona, Guka. Nawe usipasue kuni na huko kuhema kwako, nitapasua nikirudi.

Mjukuu wako akupendaye,
Wanjiku