Dakika Kumi na Tano za Maji

Tarehe 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, ila mgongo umekoma kwa lile lori la saruji. Mama anaendeleaje, anakula? Na goti lako? Mimi sijambo. Bohari ninalofanyia kazi hapa kambini ni kontena la bati, mchana linaoka watu. Mtandao mpaka upande kilima cha kokoto, kwa hiyo tutaandikiana. Dereva wa lori anapita hapo nyumbani kila wiki.

Nakukumbusha tena, hata ukiniona kero. Maji ya bomba yana klorini. Ukiyanywa hayana neno, lakini kwenye mashine ya kusafisha damu yanakutana na damu ya mama, na klorini inapasua damu. Yale mapipa mawili ya mkaa ndiyo yanayoinasa, na mkaa nao huchoka. Kila siku ya mashine, kabla hujamuunganisha mama, kinga maji kwenye kibomba cha katikati ya mapipa upime. Karatasi ya kupimia ikibaki nyeupe, endelea. Ikigeuka waridi hata kidogo, usimuunganishe, mpigie nesi. Na uandike kwenye daftari.

Mwambie mama asikudanganye kuhusu chumvi.

Binti yako


Tarehe 21 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika na vumbi la saruji la kutosha kujengea choo. Goti ni lile lile, halipandi cheo wala halistaafu. Mama yako anakula, ila chumvi anaililia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Sasa wewe wa kunifundisha mimi kupima? Miaka thelathini na moja nimefunga breki za mabasi, na hakuna basi langu lililozika mtu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, karatasi ni nyeupe pe. Mama yako anasema nimeoa mke wa pili, mashine, na huyo ndiye ninayemwamkia kwanza asubuhi. Nikamwambia afadhali huyo, hanuni. Alinirushia mto.

Fanya kazi yako kwa amani. Huku tupo.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Binti yangu,

Salamu nyingi. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nje ili mama yako asione.

Hali yake siipendi. Amepauka mpaka midomo. Wiki ya tatu sasa, akitoka kwenye mashine anatembea akishika ukuta. Ijumaa moja, mashine ikiwa katikati ya kazi, alilalamika mgongo na pumzi, akaniomba nifungue dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Daktari alipima akasema damu imeshuka. Akaongezewa chupa mbili. Siku nane baadaye imeshuka tena. Wanatafuta inakovujia, hawapaoni.

Tangu mvua zianze watu wa maji wamezidisha dawa, hata chai inanuka. Lakini karatasi ni nyeupe, mwanangu, nakuapia. Daftari hili hapa, hakuna siku niliyoruka.

Naogopa. Neno hilo sijawahi kukuandikia.

Baba yako


Tarehe 7 Mei

Baba,

Shikamoo, na unisamehe salamu ni fupi. Jana nimepanda kilima mara mbili na leo mara moja, simu yenu imezimwa.

Usimuunganishe mama tena. Mpeleke hospitali wamsafishie damu huko. Halafu nijibu swali hili: ukifungua maji, unangoja muda gani kabla ya kukinga ya kupima? Yanatakiwa yatiririke dakika kumi na tano. Maji yaliyolala kwenye mkaa usiku kucha hutoka safi hata kama mkaa umekwisha, kwa sababu yamekaa nao muda mrefu. Yanayofuata ndiyo yanayosema kweli.

Barua hii nimempa dereva mkononi, nimemwomba asilale njiani. Ameniahidi.

Binti yako


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Simu aliizima mama yako. Alisema ukimsikia anavyohema utaacha kazi. Ndiyo yale ya mficha maradhi, kilio humfichua.

Dereva alifika juzi saa nne asubuhi. Mama yako alikuwa ameunganishwa tangu saa mbili. Nilisoma nimesimama mlangoni, nikaenda kwenye kibomba nikakinga. Karatasi iligeuka waridi sijahesabu hata tano. Nikautazama mrija wa damu, nikaona kidole changu upande wa pili, kama mtu anayetazama kupitia maji ya rangi; damu ilikuwa imepasuka. Nikazima. Yupo wodini na mashine ya kupumulia. Fundi wa hospitali anasema mkaa wa mapipa yote mawili umekwisha, na haukwisha leo.

Kuhusu swali lako, nilikuwa sisubiri. Nafungua, nakinga papo hapo, napima. Nilijifunza kwa kukuangalia wewe, ulikuwa unakinga huku unavaa viatu vya kazini. Sikujua kuna kungoja. Sikulaumu, nakujibu tu kama ulivyouliza.

Njoo.

Baba yako


Tarehe 9 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimerudi kambini jana. Umelala? Umekula? Najua utasema ndiyo.

Kuna jambo nilishindwa kulisema nikiwa hapo nyumbani. Siku ya tatu baada ya mazishi ya mama, fundi alipokuja kuchukua mapipa, alikuuliza mbele ya ndugu wote nani alikufundisha kupima maji yaliyolala. Ukasema, "Kichwa changu mwenyewe. Nilitaka kuwahi kumaliza." Mjomba akainuka akatoka. Mama, dada yake, ndiye aliyemlea, na tangu siku hiyo hajakupa mkono.

Mimi nilikuwa nimesimama na trei ya vikombe. Sikufungua mdomo.

Nesi alinifundisha dakika kumi na tano, nikatia sahihi. Nilizifuata wiki mbili, halafu nikaanza kuziiba kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini na msimamizi alikuwa ananisema. Mkaa ulikuwa mpya, hakikutokea kitu, nikaona hakuna neno. Hivyo miezi saba, baba, na wewe ukinitazama. Hata nilipokuandikia Machi sikuzitaja. Nilikuwa nimeshazisahau, nikazikumbuka uliponiambia hawaoni damu inakovujia.

Nataka kumwambia mjomba. Siwezi kula.

Binti yako


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo. Mkate nakula, uji unaniungulia, bado sijajua moto wake.

Usimwambie. Nilikuona na ile trei, nikaona mdomo unakucheza, ndiyo maana nikawahi kusema. Mimi nimebakiwa na miaka michache ya kununiwa. Wewe unayo mingi, na hujaolewa, na watu wana midomo. Mjomba wako anahitaji mtu wa kumchukia kwa sasa. Mimi nipo, sina safari.

Tena usidhani nilidanganya tupu. Kibomba nilikifungua kwa mkono huu. Nesi aliniachia karatasi ya maelekezo, nikaiweka chini ya redio bila kuisoma, kwa sababu fundi mzee hafundishwi. Juzi nimeisoma. Dakika kumi na tano zimeandikwa mstari wa pili.

Nyumba kimya sana. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bado naamka saa kumi na moja, nakaa kitandani sijui niende wapi. Ninamtaka mke wangu. Ichome barua hii.

Baba yako


Tarehe 28 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini uji unaanza kukusikiliza. Moto uwe mdogo, na usiache kukoroga.

Barua sikuichoma. Jana nilipanda kilima nikampigia mjomba. Nilimweleza yote, na sikumpunguzia kitu. Kisha akaniuliza, "Baba yako alijua ni wewe?" Nikasema alijua. Akakata simu. Nimempigia tena mara tatu, hapokei.

Sijui kama anakuja kwako kuomba radhi, au ndiyo basi kwetu sote wawili. Nimeomba ruhusa ya siku nne, nafika Ijumaa na lori.

Akifika kabla yangu, baba, nakuomba usinitetee.

Binti yako