Waliyemuaga Hayupo

Duka la kinyozi, mlango wa tatu kutoka posta,
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kama nywele zilizoko sakafuni mwangu sasa hivi, maana sijafagia. U hali gani, na lile jino limekuacha ulale? Shemeji naye je, bado anakoroma? Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linalalamika, ila limeshazoea kutosikilizwa. Wifi yako ana kikohozi kidogo, nacho hakimzuii kunisema.

Nilikuwa nikuandikie mwezi ujao, unajua mimi na kalamu hatupatani. Darasa la nne lilinitosha. Lakini nina hasira, na nikikaa nazo mkono utatetemeka, nitawakata watu masikio. Bora nikumwagie wewe.

Mchungaji wetu amestaafu. Yule yule aliyekufungisha ndoa, akahubiri mpaka bwana harusi akasinzia wima. Miaka thelathini na minne ya kazi. Mimi kanisani naingia kwa harusi na misiba tu, na hata humo nakaa karibu na mlango. Ila mtu huyu namheshimu, na sababu yangu iko wodini, si madhabahuni.

Pengine hukuwahi kujua. Mwaka wake wa pili hapa alikuja dukani, akakaa kitini, nikamfunga shuka. Akasema hakuja kunyolewa, amekuja kufundishwa. Alikuwa amemwombea mgonjwa mmoja hospitalini, na baada ya amina yule mgonjwa akamwambia asante, ila kinachomsumbua hasa ni ndevu. Nilimfundisha miezi miwili, na shingo yangu ndiyo ilikuwa daftari lake. Tangu hapo kila Jumamosi saa tatu asubuhi yuko wodi ya wanaume na mkoba wake, ananyoa wasio na mtu wa kuwanyoa, wa dini yetu na wa dini zingine. Humo hahubiri. Anasema mtu mwenye wembe shingoni hawezi kukataa neno, na kumhubiria hapo ni uonevu.

Sasa sikia. Mwenyekiti wa kamati ya kumuaga ni yule tunayemwita Mzee Ratiba, kwa kuwa hata chai ya nyumbani kwake imepangiwa dakika. Akaamua sherehe iwe ya siri, Mchungaji ashtukizwe. Maturubai, kwaya mbili, wageni wa heshima. Siku gani? Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi. Kamati ya watu kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyejua mtu wao huwa wapi Jumamosi saa tatu.

Mimi nilialikwa asubuhi hiyo hiyo, nikadhani wameshapanga mtu wa kumchukua. Saa nne, kiti chake cha kitambaa cheupe bado kitupu. Kwaya imemaliza nyimbo zake na kuzirudia. Mzee Ratiba akanijia anatoka jasho.

"Kinyozi, umemwona Mchungaji?"

"Yuko hospitali, ananyoa."

"Ananyoa nini?"

"Watu, Mwenyekiti. Kwani wewe ulidhani mbuzi?"

"Leo? Siku yake hii?"

"Kila Jumamosi. Waulize wagonjwa."

Unadhani walimfuata? Ati ratiba imeshachelewa. Wakasimama wakakisomea kiti risala. Wakakiita mtumishi aliyejitoa kwa jamii, wakakipigia makofi. Wakataja paa jipya, wakataja vinanda, wakataja zulia la madhabahu na rangi yake. Wodi, hata neno moja. Walipofika kwenye zulia nikaondoka, nikaenda kusimama langoni.

Alifika saa saba, nywele za watu zimemganda kwenye mikono ya shati, wageni wanaingia magarini. Na yeye ndiye aliyeomba radhi. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Bado hujasikia yote. Hospitali siku hizi haimruhusu mtu kuhudumu wodini bila barua ya mahali anakofanya kazi. Kanisa ndilo lilikuwa likimwandikia. Jana akaenda ofisini kuiomba. Mzee Ratiba, ambaye kile kiti bado kinamuuma, akamjibu kwamba amestaafu, apumzike, hana tena cha kuandikiwa.

Akaja dukani, akakaa kwenye benchi na mkoba magotini. Mtu huyu amezika nusu ya mji huu bila sauti kumkatika, jana ilimkatika. Akaniambia yupo mzee wa kitanda cha tisa, alimnyoa upande mmoja wa uso, daktari akaingia, akamwahidi kummalizia Jumamosi hii. Anawaza atakavyokaa na nusu ya ndevu akingojea.

Sikumpa pole. Nikatafuta karatasi, nikaandika: "Mwenye barua hii ni kinyozi wa duka langu. Namtuma wodini kila Jumamosi. Kazi yake ni ya wastani, ila mkono wake mwepesi." Nikagonga mhuri wa duka, ule wenye mkasi. Alitaka nifute lile neno "wastani". Nikakataa, sitamdanganya muuguzi mkuu kwa ajili ya mtu wa Mungu.

Leo asubuhi tumeipeleka. Muuguzi mkuu akaisoma, akamtazama juu ya miwani.

"Kwa hiyo sasa ni kinyozi."

"Ndiyo, Sista. Bado najifunza."

"Afadhali," akasema, akatia sahihi. "Wachungaji wanaokuja hapa ni wengi."

Mimi hasira hazijaisha, usifikiri. Nakuomba jambo moja. Mwandikie Mchungaji mistari miwili tu, isiwe risala. Mwambie unakumbuka jambo gani alilokufanyia. Usiitume kanisani. Tuma hapa dukani, ndiko kazini kwake.

Msalimie sana shemeji na wapwa wangu wote wawili. Yule mkubwa mwambie nimeona picha yake, na kichwa kile nani amekiharibu. Wifi yako anawabusu. Mungu awatunze huko mliko, na jino lako alitazame kwa namna ya pekee.

Kaka yako akupendaye, hata usipojibu,

Kinyozi