Vumbi la Jumamosi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Birmingham hatujambo. Mama yako Rehema yuko kazini hospitalini, anakusalimu.

Umeuliza kuhusu uwanja wa mbio za magari uliokuwa mtaani kwenu huko Australia, kabla ya kujengwa nyumba. Tulipanga nyuma yake nilipokuwa masomoni. Kila Jumamosi vumbi lake lilifuata nguo za marehemu bibi yako kambani. Alizianua mbio akifoka, "Baba Rehema, si waufunge tu!"

Ulipofungwa, Jumamosi ya kwanza alisimama uani na kapu lake. "Mbona kimya hivi?" akaniuliza.

Hata hapa pasipo na uwanja aliendelea kuanua nguo kila Jumamosi mchana, nami nikimcheka. Jumamosi iliyopita nilizianua mimi, zikiwa bado mbichi.

Babu yako akupendaye