Mahari ya Mtoto

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mafaili manne mezani, moja la haraka: mzee Gaspari wa Murusagamba. Amekiri kukata migomba ya jirani yake, Nikodemu. Hakimu anataka taarifa yangu kabla ya hukumu: afungwe, au atumikie adhabu nyumbani chini ya uangalizi wangu. Kipengele cha sita ndicho ninachokipenda. Sababu ya kosa. Wenzangu huandika "hasira" wakafunga faili. Mimi nilisoma bwana. Daftari la chuo ninalo, nadharia zote zimo. Mtaalamu mmoja anasema mhalifu hupiga hesabu ya faida na hasara. Mwingine, huiga wenzake. Mwingine, jamii humbana mpaka anapasuka. Kila mtu ana droo yake.

Alhamisi, 6 Machi
Murusagamba kwa bodaboda. Tumeanguka mara mbili, sketi haifai tena. Kijiji kizima kina nadharia. Balozi wa nyumba kumi anasema pombe ya ndizi. Mwenye duka anasema ukoo wao una damu moto. Wengi wanasema mahari: Odilia, binti mkubwa wa Gaspari, anaishi na kijana wa Nikodemu mwaka wa pili sasa, na hakuna hata ng'ombe mmoja aliyeletwa. Mkewe sikumkuta, alikuwa kwa dada yake. Nimeiona migomba. Kumi na mmoja, yote kona moja. Shamba lililobaki halijaguswa. Nadhani alichoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeonana naye mahabusu. Shikamoo yangu aliiitikia bila kuniangalia. Mtu mwembamba, mikono mikubwa. Nilimuuliza kwa nini. Mara tatu. Mara ya tatu akajibu:
"Ni mahari ya mtoto wangu."
Basi. Nikamuuliza kama anajuta. Kimya. Nimerudi ofisini na furaha. Naona aibu kuiandika, lakini ndiyo kweli. Kila kitu kimekaa mahali pake.

Jumatatu, 10 Machi
Taarifa imekwenda. Nimeandika kwamba Gaspari alipiga hesabu: kumtia Nikodemu hasara ili alete ng'ombe. Hajutii. Na kwa kuwa mahari bado haijatolewa, anaweza kurudia. Sikupendekeza uangalizi. Kurasa nne safi.

Jumanne, 18 Machi
Miezi kumi na minane jela. Hakimu alisoma maneno yangu yalivyo. Gaspari alipoulizwa kama ana la kusema, alirudia lilelile, mahari ya mtoto. Hakimu, mtu wa pwani, akatikisa kichwa. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna ndugu yake aliyefika. Alitolewa akiwa ameshika kofia yake kifuani.

Alhamisi, 20 Machi
Nimempelekea mkewe habari. Siku mbaya kuliko zote za kazi hii. Mama Odilia hakulia. Alinyoosha mkono kuelekea shamba la Nikodemu, akauliza:
"Hakimu hamkumwambia pale ni mahari pa mtoto?"
Pa. Si ya, kama nilivyosikia mimi.
Mahali. Mahali pa mtoto.
Ulimi wa huku hauitaki l. Mama yangu mwenyewe, kule Bisibo, alikufa akisema "kurara". Chuoni walinicheka mpaka nikaunyoosha ulimi wangu. Masikio nikayasahau.
Mtoto wao wa mwisho alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Walimzika pembeni mwa shamba. Baadaye kile kipande wakamuuzia Nikodemu, kwa makubaliano kwamba kona ile isiguswe. Msimu uliopita vibarua wake wakapanda migomba mpaka pale. Gaspari alikwenda kulalamika mara mbili. Mara ya tatu alikwenda na panga. Alikata iliyokuwa juu ya mtoto, akaacha mingine yote.
Njiani nilishuka, nikatembea kwa miguu. Mwenye bodaboda alidhani ni mashimo.

Jumatatu, 24 Machi
Gerezani. Nimemwambia nimekosea, tukate rufaa, nitaandika taarifa mpya. Nikamuuliza kwa nini hakueleza. Akasema alieleza.
"Andika," alisema. "Ira jina ra mtoto usiriandike, wasije wakarisoma mbere ya watu."
Hana hasira na mimi. Afadhali angekuwa nayo.

Jumatano, 26 Machi
Kipengele cha sita kimenila siku nzima. Nimeandika kwamba alikuwa anaitoa mizizi juu ya mtoto wake. Nikafuta. Si lugha ya ofisi. Nikaandika tena hivyohivyo, nikaacha. Bosi anasema rufaa zina foleni, huenda mzee akamaliza kifungo kabla yake haijasikilizwa. Alisema pia nisijisumbue sana, makosa ya kusikia hutokea. Nilimchukia kwa dakika kumi hivi.

Jumapili, 6 Aprili
Majibu hakuna. Baada ya misa nimekwenda Murusagamba, bila faili. Nimemkuta Mama Odilia kwenye ile kona, anapalilia kwa mikono. Migomba imechipua, yote kumi na mmoja. Machipukizi yanafika magotini, mabichi kabisa. Hakuyagusa, ni mali ya mtu. Aling'oa magugu yaliyo katikati yake tu. Nilisimama pale, sijui nifanye nini na mikono yangu. Baadaye akaniambia, kwa upole, nisogee kidogo kushoto. Nilikuwa nimesimama kichwani kwa mtoto.
Nikasogea.