Jina la Kutaja Kwenye Maonyesho ya Ngoro

Neema mjukuu wangu, marahaba. Huku Mkumbi kahawa imechanua na bibi yako mzima, ananicheka ninavyoandika.

Mashimo yako ya ngoro, yale ya kuzuia mvua isibebe udongo wa mlimani, yameshinda maonyesho ya sayansi shuleni kwenu. Damu yangu hiyo. Unauliza kama unitaje mbele ya wazazi kuwa ndimi niliyekufundisha.

Mimi niliyetembea mpaka Lusaka, ngoro zangu za kwanza nilizichimba haraka nikijisifu. Mvua ikashusha udongo wote shambani kwa binti wa jirani. Akapanda mlima hadi kwangu na jembe lake.

“Kaka, udongo wako umekuja kututembelea. Chini ulilaza nyasi za kuushika?”

“Nyasi gani?”

Akanifundisha siku nzima, na mpaka leo sijaondoka kwake.

Basi mtaje bibi yako. Mimi nitapiga makofi, na kwa makofi hakuna wa kunishinda.

Babu yako