Karboni za Kadi

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili, 14 Septemba 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nipe habari za goti, na safari hii usinidanganye. Barua iliyopita ulisema limepona, kumbe watu walikuona unashuka basini umeshikwa mikono miwili. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mwenye nyumba wangu hajanigombeza mwezi huu.

Dukani kwa Bwana Pankaj kuna mgeni tangu Julai, mashine mpya ya kadi. Ile ya zamani nilishakueleza, tunayoiita pasi. Mzungu wa utafiti wa dhahabu anakuja na kadi ya plastiki badala ya noti. Unailaza kwenye pasi, juu yake unaweka risiti zenye karboni katikati, unasukuma kwenda na kurudi, kra, kra, namba na jina vinajichapa, mteja anatia saini, kwisha. Hii mpya haina kusukuma. Unapitisha kadi kwenye mfereji mwembamba mara moja tu, yenyewe inapiga simu benki Dar es Salaam, inauliza kama huyu mtu anaaminika, ikijibiwa inatoa risiti. Bwana Pankaj haipendi hata kidogo. "Sabina," anasema, "pasi haiombi ruhusa kwa mtu. Hii simu ikikatika mimi nifunge duka?" Na simu za mji huu unazijua. Kila zikikatika tunarudi kwenye pasi.

Mimi nami siipendi, kwa ajili yako. Mashine mpya haina karboni. Nimekukunjia hizi humu, za tangu Julai. Bwana Pankaj ametuagiza kila karboni tuichane mbele ya mteja, lakini mimi nimelelewa na wewe. Kuchana kitu ambacho wino wake haujaisha naona dhambi, basi nazitia mfukoni. Chorea maua yako ya kudarizi.

Msalimie mwanao Jonathan. Mwambie barua aliyoniahidi tangu Pasaka nadhani imeliwa na mchwa.

Mwanao,
Sabina


Misungwi
5 Oktoba 1997

Mwanangu Sabina,

Marahaba. Goti lina miaka hamsini na sita kama mwenyewe, tuliache lipumzike. Tunaamka, tunashukuru. Huyu aliyekuletea barua nimempa na michembe ya viazi vitamu, mhesabie ifike yote, maana ana mdomo wa kutafuna njiani.

Karboni zimefika. Ni ndogo kama kiganja lakini ua moja linaenea, nikimaliza nasogeza. Nimemaliza kudarizi vitambaa vya makochi vya mke wa katibu tarafa. Alitaka tausi. Nikamchorea tausi, ingawa mimi tausi sijamwona ila kwenye khanga, na yeye hajamwona zaidi yangu, basi tukaelewana. Hiyo mashine yako mpya simjui aliyeitengeneza, lakini hakuwa na shangazi anayedarizi.

Jonathan yupo. Tangu kinu cha pamba kilipobadilisha wenyewe wakapunguza watu, amekuwa wa kushinda nyumbani, nami nilikuwa nahofia pombe. Namshukuru Mungu siku hizi ni msaada. Karboni nikimaliza nazo anazichukua yeye akazichome, zisipeperuke uwanjani. Juzi nilimkuta ameinua moja dirishani kwenye mwanga, anaisoma kama gazeti. Nilimcheka sana. Ameniuliza mara mbili kama pasi bado inatumika au mmeiacha kabisa. Nikamwambia mimi nitajua wapi, muulize dada yako. Wiki ijayo anakwenda Nairobi na rafiki yake kuangalia biashara ya spea. Muombee.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Mkuyuni, Mwanza
Jumapili, 7 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Leo nisamehe, sina nguvu ya kuuliza habari nyingi. Uzima nilio nao ni wa mwili tu.

Alhamisi Bwana Pankaj alipata barua ya benki. Namba za kadi za wateja wetu watano zimetumika Nairobi. Kuna mtu amejaza fomu za kuagizia redio na tiketi za ndege, akaandika namba na majina yao bila kuwa na kadi mkononi, na vitu akapewa. Benki wamechunguza. Wote watano walinunua kwetu siku ambazo simu ilikatika tukatumia pasi. Waliopitisha kadi kwenye mashine mpya hakuna hata mmoja aliyeguswa. Na risiti zote tano zina mwandiko wangu.

Bwana Pankaj hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Aliniuliza, "Karboni ulichana?" Nikatikisa kichwa. Mama Lilavati, mkewe, aliyenifundisha kazi ile kwa mkono wake, aliinuka akaenda nyuma ya duka na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Polisi wa upelelezi wameandika maelezo yangu. Nilisema karboni nilikuwa nachukua nyumbani kwa kudarizi. Afisa akacheka mpaka akafuta macho. Nilisema nadarizi mwenyewe, wewe sikukutaja, sitaki waje kukugongea mlango. Nimekatazwa kutoka nje ya mji na kila Jumatatu asubuhi naripoti kituoni. Wamenipa mpaka Jumatatu tarehe 12 Januari niwe nimeleta karboni au nimemtaja niliyempa. La sivyo siku hiyo napelekwa mahakamani, na wanasema dhamana nisiitegemee.

Shangazi, nitumie zile karboni zote, hata zilizokunjamana. Nikiziweka mezani zikiwa zimetimia, nitakuwa na la kusema. Nipe upesi, nakuomba.

Mwanao,
Sabina


Misungwi
14 Desemba 1997

Sabina,

Marahaba. Barua nimeipata.

Karboni hazipo, zilichomwa. Nilizichoma mwenyewe. Waambie hivyo, kwamba zilichomwa, ndiyo kweli.

Mvua zimeharibu barabara, siwezi kuja. Sali sana, Mungu hamwachi mja wake.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Mkuyuni, Mwanza
21 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Hukuniuliza kama ninakula. Hukutania. Hukumtaja Jonathan, wewe ambaye hata ukiandika habari za kuku lazima Jonathan awemo.

Oktoba uliniandikia kuwa karboni anachoma yeye. Sasa umechoma wewe. Ni lini?

Nikwambie kilichotokea Ijumaa. Afisa aliniita kituoni, akaniwekea mbele fomu moja iliyotoka Nairobi, akaniuliza kama naujua mwandiko. Ni fomu ya kuagiza redio. Shangazi, mimi na Jonathan tumesoma meza moja, taa moja, kwako, miaka saba. Kalamu ikiisha wino tulikuwa tunaazimana ile ile. Namjua anavyobonyeza kalamu mpaka karatasi inatoboka upande wa pili. Nilipitisha kidole nyuma ya ile fomu, nikajua. Nikaigeuza tena uso juu.

Nikasema siujui.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilikuwa nakungoja wewe. Yeye ni mwanao, na mimi ni mtoto wa Luhende, kaka yako, uliyenichukua nina miaka minne nikiwa na surua. Jina la Jonathan halitatoka kinywani mwangu kabla hujaniambia neno. Lakini niambie. Mficha maradhi kilio humfichua, wewe ndiye uliyenifundisha.

Mashine mpya iliyotuudhi wote, ndiyo pekee ambayo haikunisaliti. Haikuacha kitu nyuma. Siku zile tano simu ingekuwa hai, leo ningekuwa dukani napanga makopo.

Nipo nangoja.

Sabina


Mkuyuni, Mwanza
4 Januari 1998

Shangazi,

Krismasi imepita, mwaka umegeuka, huna jibu. Barua yangu ilikufikia, aliyeibeba nimemuuliza, amesema ulimpokea mlangoni na Jonathan alikuwa ndani anasikiliza muziki.

Leo sikuandikii shikamoo. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Zimebaki siku nane. Jana nimempa mwenye nyumba sufuria zangu na godoro anitunzie, maana sijui nitarudi lini. Amenitazama kwa huruma, nami huruma yake imeniuma kuliko dharau. Nikipita karibu na duka Mama Lilavati anageukia rafu. Nimekuwa mwizi na sijala hata senti ya wizi wenyewe.

Nina swali moja tu, na nimeliogopa wiki mbili. Ningekuwa nimetoka tumboni mwako, karboni zile ungezichoma?

Sabina


Misungwi
Jumapili, 11 Januari 1998

Mwanangu Sabina,

Marahaba, hata kama hukuniamkia. Natumaini barua hii itakukuta kabla hujatoka kwenda kituoni kesho. Isomee umekaa.

Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili ilipofika, niliingia chumbani kwa Jonathan akiwa hayupo. Chini ya kitanda nilikuta karboni zako, zote, amezinyoosha na kuzifunga kwa uzi wangu wa kudarizia. Pembeni kulikuwa na redio ndani ya boksi lake. Halafu nikazichukua karboni nikazipeleka jikoni, nikazitia motoni moja moja. Nilijua ni zako. Nilijua wewe ndiye unayezihitaji. Nilichoma njia yako ya kutoka ili yeye asionekane, na nikakuandikia kuhusu Mungu. Sikuombi unisamehe leo.

Nilipomuuliza alikana, halafu akalia, halafu akasema rafiki yake ndiye aliyemfundisha, na kwamba matajiri wale hawataona pengo. Nikamwambia Sabina ataliona. Akasema, "Sabina hawezi kunitaja." Alisema kwa uhakika kabisa, Sabina. Usiku huo sikulala. Krismasi nilipika pilau, akala, nami nikamtazama anavyokula nikasema moyoni, huyu ndiye niliye naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nimeuimba usemi huo kwa watu wengine maisha yangu yote, sikujua unavyokata.

Kisha ikaja barua yako ya tarehe nne na swali lako. Nililibeba siku nne. Kila jibu nililoliandika nililichana, kwa kuwa lilikuwa la uongo. Ijumaa asubuhi nikamwambia Jonathan anisindikize mjini nikanunue nyuzi.

Alifurahi, alikuwa amechoka na mvua. Njiani alinisimulia habari za Nairobi, majumba, taa, akanifanya nicheke, Mungu anisamehe. Basi likapita Mkuyuni. Niliiona ile kona unayoshukia, nikageuza uso upande wa pili, maana ningekuona ningeshuka, na nikishuka nisingefika nilikokuwa nakwenda. Kwa hiyo nilikuja Mwanza na sikupita kwako.

Tulishuka karibu na kituo cha polisi. Akasema, "Mama, nyuzi huku hakuna." Nikamwambia najua. Nilikuwa nimejiandaa akimbie, na nakwambia kweli, nilikuwa naomba akimbie. Hakukimbia. Alisimama, akatazama lile jengo, akatazama viatu vyake. Halafu akaona kikapu kimenilemea, akanipokea, akakibeba mpaka mlangoni. Ndani yake kulikuwa na ile redio, nimeifunika kwa kitenge. Hakujua. Walipoifunua mezani hakuwaangalia wao, aliniangalia mimi.

Nimewaeleza yote, na kwamba karboni nilichoma mimi. Wamesema nitaitwa, nikawaambia nipo nyumbani. Afisa yule mcheshi hakucheka safari hii. Amesema kesho ukifika watakuandikisha kidogo tu uende zako. Bwana Pankaj naye wamemwita aje asikie, basi usiende dukani kuomba radhi, ngoja yeye akuite.

Hilo ndilo jibu la swali lako, sina jingine.

Usije Misungwi kwa sasa. Si hasira, mwanangu, wewe hukunikosea. Ni kwamba mlikuwa mnaingia pale mlangoni wawili, na nikikuona wewe peke yako nitaangalia nyuma yako. Siku nitakayoweza, nitakuandikia mimi.

Godoro lako likachukue kwa mwenye nyumba, ulale vizuri.

Mama Jonathan