Sahani Moja Kidatu

Mdogo wangu Teresia, hujambo huko Ifakara?

Kidatu joto kali. Nimekuja kutembea wikiendi hii na wale wapangaji wangu wazungu, mtu na mkewe. Tangu tulipoondoka hawasemezani: mume anataka warudi kwao, mke hataki. Mchana mama ntilie akauliza sahani ngapi. Nikasema, "Hawa moja, wali na perege. Watakula pamoja."

Mke akasema, "Bibi, sina njaa."

"Sijakuuliza njaa. Nawa mikono!"

Wakala, kila mtu upande wake wa sahani. Halafu mke akamchambulia mumewe samaki, akamsogezea. "Mwiba utakukwama, mjinga wewe." Mume akacheka. Kurudi kwao bado hawajaamua, ila sasa wanagombana kwa sauti, kama mke na mume.

Wewe kula ushibe. Nikikukuta umekonda nitakuchapa.

Dada yako